Jina Hufumbuliwa Kutoka Mwisho: Kanuni za Ufumbuzi wa Majina katika Mtandao wa Tarakilishi

Utangulizi

Taasisi iliyoko Chepkoilel, yapata kilomita 9 kutoka mjini Eldoret katika barabara iendayo Ziwa, imebadilishwa jina mara nne. Mnamo 1946 walowezi walianzisha hapa kituo cha mafunzo kwa wakulima wa mashamba makubwa. Mwaka 1984 kituo hicho kiligeuzwa kuwa Chuo cha Ualimu cha Moi, kilichotoa stashahada kwa walimu wa sayansi. Mwaka 1990 kilitwaliwa na Chuo Kikuu cha Moi na kuitwa Kampasi ya Chepkoilel. Mwezi wa Agosti 2010 kampasi ilipandishwa hadhi kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Chepkoilel, na tarehe 11 Februari 2013 ikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili kwa jina la Chuo Kikuu cha Eldoret. Udongo ni ule ule. Majina ni matano.

Kwa binadamu, wingi huu wa majina hauleti utata mkubwa. Dereva wa matatu akiambiwa "Chepkoilel" atajua pa kumshusha abiria, na mwalimu mkongwe akisema "pale Chuo cha Ualimu" wenzake wa rika lake watamwelewa. Muktadha, umri wa msemaji na ujuzi wa pamoja hujaza pengo lililoachwa na jina. Tarakilishi haina msaada huo. Haijui historia, haikisii, wala haimuulizi jirani "unamaanisha wapi?" Inategemea kanuni peke yake.

Makala hii inanuia kufafanua kanuni hizo, yaani kanuni zinazoongoza huduma ya majina ya vikoa katika intaneti, ambayo kwa kifupisho cha kimataifa hujulikana kama DNS. Huenda msomaji akauliza: hili linamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Jibu ni kwamba linamhusu kwa njia mbili. Mosi, jina ni suala la isimu kabla ya kuwa suala la mitambo; uhusiano kati ya jina na kinachotajwa ni swali la semantiki. Pili, tasnifu na makala zetu za siku hizi hutaja anwani za tovuti kama ushahidi. Anwani hizo zisipofumbulika, ushahidi wetu huwa umepotea, na msomi wa baadaye hana namna ya kuthibitisha tulichodai.

Kuhusu istilahi

Ni vyema kueleza kwanza maneno machache. Kitendo cha kutoka kwenye jina hadi kwenye kile jina linachoelekeza tutakiita ufumbuzi. Neno hili limetokana na kufumbua fumbo, nalo linafaa kwa kuwa jina, kama fumbo, halibebi jibu lake waziwazi. Lina njia ya kulifikia. Programu inayofanya kazi hiyo kwa niaba yetu tutaiita mfumbuzi. Mara nyingi mfumbuzi huendeshwa na chuo chenyewe au na kampuni inayotuuzia huduma ya intaneti.

Neno la pili ni kikoa, ambalo tayari linatumika Tanzania katika usajili wa majina ya mtandao. Wazee walilijua neno hili kwa maana nyingine: kula kikoa ni kula kwa ushirika, kila mmoja akiandaa chakula kwa zamu yake. Maana hiyo haikukosea sana njia, kwani, kama tutakavyoona, huduma hii ni kazi ya ushirika ambamo kila mmoja huwajibika kwa sehemu yake. Katika makala hii kikoa ni tawi zima la majina, na himaya ni ile sehemu ya tawi ambayo mamlaka moja huitunza yenyewe bila kuikabidhi kwa mwingine.

Jina si anwani

Kosa la kwanza linalozoeleka ni kudhani kwamba jina kama uoeld.ac.ke ndiyo anwani ya tarakilishi. Anwani halisi ni namba, kwa mfano 192.0.2.10, namba iliyotengwa mahususi kwa ajili ya mifano kama huu wetu. Mitambo huwasiliana kwa namba. Jina limewekwa kwa ajili ya binadamu, na pia kwa sababu namba hubadilika: chuo kikihama kutoka kampuni moja ya intaneti hadi nyingine, namba zake hubadilika ilhali jina hubaki.

Hapo awali, katika mtandao wa utafiti wa Marekani ulioitwa ARPANET, majina yote na anwani zake yaliandikwa katika faili moja tu, HOSTS.TXT. Faili hiyo ilitunzwa na kituo cha Stanford Research Institute huko California, kazi iliyosimamiwa na Elizabeth Feinler. Aliyetaka mashine yake ijulikane aliwasiliana na kituo, na kila mahali pengine palinakili faili hiyo upya. Utaratibu huu ulifaa mashine zilipokuwa chache. Zilipoongezeka, matatizo matatu yalijitokeza: faili ilikua mno, nakala nyingi zilikuwa zimepitwa na wakati, na ilibidi kituo kimoja kihakikishe kwamba watu wawili hawachukui jina moja.

Mwaka 1983 Paul Mockapetris alipendekeza mfumo mpya ambao haungekuwa na orodha moja mahali po pote. Maelezo yaliyoboreshwa yalitolewa 1987, nayo ndiyo msingi wa huduma tunayoitumia hadi sasa. Wazo kuu lilikuwa sahili: asiwepo anayejua majina yote, ila kila mmoja ajue majina yaliyo chini yake na ajue aliowakabidhi mengine.

Muundo wa jina na kihusishi cha a-unganifu

Jina la kikoa huundwa kwa lebo zinazotenganishwa na nukta. Lebo moja haizidi herufi 63, na jina zima halizidi nafasi 255. Herufi kubwa na ndogo hazitofautishwi: UOELD.AC.KE na uoeld.ac.ke ni jina moja.

Mpangilio wa lebo hizi utamkumbusha mwanafunzi wa Kiswahili kirai nomino chetu. Tunaposema "mlango wa nyumba ya mwalimu wa kijiji", tunaanza na kidogo na kuishia na kikubwa. Jina www.uoeld.ac.ke hufanya vivyo hivyo: www ya uoeld ya ac ya ke, yaani seva ya tovuti, ya chuo kilichofupishwa kwa herufi uoeld, katika vyuo, nchini Kenya. Nukta imechukua kazi ya a-unganifu.

Hata hivyo, utaratibu wa kusoma si utaratibu wa kufumbua. Anayetumwa kwenye mlango wa nyumba ya mwalimu wa kijiji hawezi kuanza na mlango. Sharti afike kijijini kwanza, amtafute mwalimu, aione nyumba, ndipo agonge mlango. Mfumbuzi naye huanza mwishoni mwa jina na kurudi mwanzoni. Hii ndiyo kanuni mama, na mtu akiisahau hataelewa zile nyingine.

Jambo moja la tahajia linafaa kutajwa hapa. Kwa desturi, jina la seva hukubali herufi za alfabeti ya Kilatini, tarakimu na kistari pekee. Ritifaa ya kibodi zetu hairuhusiwi. Kwa hiyo ng'oa, yaani kutoa kitu kwa nguvu kilipojishikilia, na ngoa, yaani uchu au wivu, huandikwa kwa namna moja katika jina la kikoa. Tofauti ya sauti ambayo huwa tunaisisitiza katika darasa la fonolojia hutoweka. Tangu 2003 uliwekwa utaratibu wa kuandika majina kwa hati nyinginezo, na mwaka 2010 nchi kama Misri na Saudi Arabia zilipata vikoa vya kitaifa kwa hati ya Kiarabu. Lakini ritifaa yetu ya kawaida imebaki nje ya mlango. Anayesajili jina la Kiswahili lenye ng' hana budi kujua kwamba tahajia sanifu haitahifadhika, na kwamba mwingine anaweza kulisajili neno tofauti lenye umbo lile lile.

Kanuni ya kwanza: Mamlaka hukabidhiwa

Juu kabisa ya mti wa majina pana mzizi. Mzizi huo huhudumiwa na seva zenye majina 13, kuanzia herufi A hadi M; lakini kila jina lina nakala nyingi duniani, baadhi zikiwa mjini Nairobi. Kazi ya mzizi ni finyu kuliko watu wengi wanavyofikiri. Mzizi haujui Chuo Kikuu cha Eldoret ni nini. Unajua tu nani aliyekabidhiwa ke, nani tz, nani ug, na vikoa vingine vya juu.

Kikoa cha ke kilikabidhiwa 1993. Tangu 2002 kimesimamiwa na KENIC, kituo kilichoundwa kwa ushirikiano wa serikali na wadau wa mtandao nchini. Chini yake kuna matawi kama ac.ke kwa vyuo, go.ke kwa serikali, co.ke kwa kampuni na or.ke kwa mashirika.

Sasa tufuate safari ya mfumbuzi anayetafuta www.uoeld.ac.ke akiwa hana habari yo yote. Anauliza mzizi: "www.uoeld.ac.ke iko wapi?" Mzizi hujibu, kwa maana, "Sijui, ila wenye ke ni hawa, nenda kawaulize." Anawauliza wenye ke swali lile lile. Nao hujibu, "Hatujui, ila wenye uoeld.ac.ke ni hawa." Anafika kwa seva za chuo, nazo ndizo zinazotoa jibu: anwani ni hii. Tuzingatie kwamba swali halikubadilika. Kilichobadilika ni anayeulizwa. Tuzingatie pia kwamba aliyetoa jibu la mwisho ni yule mwenye mamlaka juu ya jina hilo. Wengine walielekeza tu.

Hapa pana mambo mawili ambayo huwapotosha hata waliobobea.

Mosi, nukta si mpaka. Katika mfano wetu hatukumtaja mwenye ac.ke kama kituo cha pekee, kwa kuwa seva zile zile zaweza kuwa na mamlaka juu ya ke na ac.ke kwa pamoja. Nukta huonyesha kwamba pana tawi. Haionyeshi kwamba mwenye mamlaka amebadilika. Hali ni kama ile ya a-unganifu katika "mkono wa mtoto wa mwalimu". Umbo ni moja, lakini uhusiano wa kwanza ni wa kiungo na mwili, na wa pili ni wa mzazi na mwana. Mpaka wa himaya hujulikana kwa kuuliza, haujulikani kwa kuhesabu nukta.

Pili, ukabidhi una pande mbili. Mzazi huandika ni seva zipi zinazomtumikia mwana, na mwana naye huandika vivyo hivyo. Orodha hizi mbili zapaswa kulingana. Ikiwa chuo kimebadilisha seva zake bila kumwarifu mzazi, wageni wataendelea kuelekezwa kwenye nyumba iliyohamwa. Huo ni ukabidhi kilema. Madhara yake hutatanisha kwa kuwa baadhi ya wanaouliza hubahatika kumpata aliye hai katika orodha, na wengine hukosa. Aidha, seva ya mwana inapokuwa na jina lililo ndani ya kikoa cha mwana mwenyewe, mzazi hulazimika kutoa na anwani yake pia. Bila hivyo, ili kumpata mwana ingebidi kwanza umpate mwana.

Kanuni ya pili: Jina kamili na jina la mkato

Nyumbani tukisema "Mama anaita", hakuna anayeuliza mama yupi. Tukitoka nje ya boma, jina hilo halitoshi. Tarakilishi nazo zina majina ya mkato. Mashine iliyosanidiwa ndani ya chuo yaweza kupewa orodha ya vikoa vya kujaribiwa. Mtumiaji akiandika maktaba tu, mashine huongeza mkia uliomo kwenye orodha na kutafuta maktaba.uoeld.ac.ke. Mashine iliyo katika chuo kingine itaongeza mkia wa chuo hicho. Neno ni moja, vinavyotajwa ni viwili.

Kwa hiyo kanuni ni hii: jina la mkato halina maana peke yake, maana yake hukamilishwa na mahali linapotamkwa. Mifumo mingi hulichukulia jina lenye nukta ndani yake kuwa kamili kwanza, na lile lisilo na nukta huongezewa mkia. Lakini ipo alama moja isiyoacha shaka, nayo ni nukta ya mwisho. Jina uoeld.ac.ke. likiandikwa na nukta mwishoni humaanisha: hapa ndipo mwisho, usiongeze kitu. Baada ya nukta hiyo kuna mzizi peke yake, ambao lebo yake ni tupu.

Katika matumizi ya kila siku nukta hiyo huachwa. Katika faili za himaya, hata hivyo, kuiacha ni kosa linalogharimu. Msimamizi akiandika uoeld.ac.ke bila nukta ya mwisho, seva huliona kuwa jina la mkato na kuliongezea mkia wake, likawa uoeld.ac.ke.uoeld.ac.ke, jina ambalo halipo. Alama ndogo kuliko zote ndiyo hubeba uamuzi mzima wa kama jina ni kamili au la. Walimu wa uakifishaji hawatashangazwa na hilo.

Kanuni ya tatu: Lakabu haichanganyiki

Mji wa Eldoret ulianza kwenye shamba nambari 64, ambapo ofisi ya posta ilifunguliwa 1910. Jina Eldoret lilikuja 1912. Nambari hiyo, Sixty-Four, ilitoholewa na wenyeji ikawa Sisibo. Sisibo ni lakabu: ukiifumbua, unapata Eldoret, na ukiifumbua Eldoret, ndipo unapopata mji.

Huduma ya majina nayo ina lakabu. Tuseme msimamizi anataka jarida.uoeld.ac.ke liwe lakabu ya www.uoeld.ac.ke. Mfumbuzi akikutana nayo hupaswa kuacha jina la kwanza, alichukue jina rasmi, na kuanza ufumbuzi upya kwa jina hilo. Lakabu hutawaliwa na masharti matatu.

Sharti la kwanza: jina lililo lakabu haliwezi kubeba taarifa nyingine za kawaida. Haliwezi kuwa lakabu na papo hapo kuwa na anwani yake au seva yake ya barua pepe. Sababu ni ya kimantiki: lakabu husema "usiniulize mimi, muulize yule", na asemaye hivyo hawezi kuendelea kujibu. Ndiyo maana uoeld.ac.ke lenyewe, ambalo ndilo kichwa cha himaya na hubeba taarifa za himaya, haliwezi kufanywa lakabu ya jina jingine.

Sharti la pili: lakabu hufunika jina moja tu, haifuniki yaliyo chini yake. Jina jarida.uoeld.ac.ke likiwa lakabu, toleo1.jarida.uoeld.ac.ke halirithi lakabu hiyo. Wanaodhani kwamba wamehamisha tawi zima kwa kuandika lakabu moja hugundua baadaye kwamba wamehamisha jani moja.

Sharti la tatu: lakabu si kumhamisha msomaji. Kivinjari kikifuata lakabu hupata anwani, lakini huendelea kuiambia seva jina lililoandikwa na msomaji. Seva isipolijua jina hilo, au cheti chake cha usalama kisipolitaja, msomaji ataona onyo au ukurasa usio wake. Ufumbuzi wa jina umefaulu; kilichoshindikana kimetokea baada yake.

Kanuni ya nne: Kila jibu lina umri

Kama kila swali lingepitia mzizi, huduma ingezidiwa. Kwa hiyo mfumbuzi huweka akiba ya majibu. Mwenye mamlaka huambatisha na kila jibu umri wake kwa sekunde. Jibu lenye umri wa sekunde 86400 laweza kutumiwa kwa saa 24 bila kuuliza tena. Lenye umri wa sekunde 300 laweza kutumiwa kwa dakika 5.

Hapa ndipo penye kutoelewana kukubwa. Chuo kinapobadilisha anwani, watu huambiwa: "Subirini, mabadiliko yanasambaa." Kwa kweli hakuna kinachosambaa. Mwenye mamlaka hamtumii mfumbuzi habari mpya. Kinachotokea ni kwamba majibu ya zamani, yaliyo katika akiba mbalimbali, yanazeeka na kufa, kila moja kwa wakati wake, na anayeuliza upya hupata jibu jipya. Hii ndiyo sababu wanafunzi wawili walioketi bega kwa bega, mmoja akitumia mtandao wa chuo na mwingine simu yake, waweza kuona mambo mawili tofauti na wote wawe sahihi.

Msimamizi mwangalifu hutumia kanuni hii kwa faida yake. Kabla ya kuhama, hupunguza umri wa majibu, kwa mfano kutoka saa 24 hadi dakika 5. Kisha husubiri hadi ule umri wa zamani wa saa 24 uishe kila mahali, ndipo abadilishe anwani. Akipunguza umri na kubadilisha anwani kwa wakati mmoja, hajafanya kitu, kwa kuwa akiba za watu tayari zimebeba jibu lenye umri mrefu.

Kanuni ya tano: Kuna kukosa na kukosa

Mgeni anapobisha hodi, huweza kukutana na hali tatu. Huweza kuambiwa, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo." Huweza kuambiwa, "Yupo, lakini hana unachokitaka." Au huweza kubisha na asijibiwe. Hali hizi si sawa, na mgeni mwenye busara hazichanganyi.

Katika huduma ya majina, hali ya kwanza ni tamko la mwenye mamlaka kwamba jina halipo, na wala hakuna kitu chini yake. Hali ya pili humaanisha jina lipo lakini halina taarifa ya aina iliyoombwa. Labda umeuliza seva ya barua pepe ilhali jina hilo lina anwani ya tovuti tu. Hali ya tatu ni kimya au hitilafu, nayo haisemi lo lote kuhusu kuwepo kwa jina.

Umuhimu wa tofauti hii ni kwamba majibu mawili ya kwanza nayo huwekwa akiba. Mtu akiuliza jina saa moja kabla halijasajiliwa, mfumbuzi wake aweza kuendelea kumwambia "halipo" hata baada ya usajili, mpaka jibu hilo la ukanusho lizeeke. Kimya, kwa upande mwingine, hakipaswi kuchukuliwa kuwa ukanusho. Mtafiti anayeandika katika tasnifu yake kwamba "tovuti hii haipo tena" angefaa ajue ameambiwa haipo au hakujibiwa tu.

Majina yanapobadilika

Tukiwa na kanuni hizi tano tunaweza kurudi kwenye suala la Chepkoilel. Chuo Kikuu cha Moi hutumia mu.ac.ke. Jina lo lote la kampasi linaloundwa chini ya mu.ac.ke huwa ndani ya mamlaka ya Moi. Chuo Kikuu cha Eldoret hutumia uoeld.ac.ke, ambalo ni tawi jingine chini ya ac.ke. Ingawa kihistoria cha pili kimezaliwa na cha kwanza, katika mti wa majina hivi ni ndugu. Si mzazi na mwana. Mwana hawezi kuamuru kitakachotokea kwa majina yaliyobaki katika nyumba ya nduguye. Ili jina la zamani liendelee kufumbulika, mwenye mamlaka ya zamani ndiye anayepaswa kukubali kulitunza. Hati ya mwaka 2013 ilibadilisha jina la chuo kisheria. Kwa huduma ya majina, hati hiyo haina uzito mpaka mtu aandike mstari katika faili ya himaya.

Mfano mkubwa zaidi uko magharibi mwetu. Zaire ilikuwa na kikoa cha zr. Mwaka 1997 nchi ilipoanza tena kuitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kikoa kipya cha cd kilianzishwa, na mwaka 2001 zr ikaondolewa katika mzizi. Tangu hapo kila jina lililoishia na zr hupata jibu la kwanza kati ya yale matatu: halipo. Hapakuwa na lakabu ya kuunganisha tawi la kale na jipya. Kila ushahidi wa kitaaluma uliotajwa kwa anwani ya zr umebaki maandishi tu.

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo manne kwa wanafunzi, wahadhiri na vyama vyetu vya Kiswahili.

Mosi, anayetaja tovuti katika tasnifu aandike jina kamili, tarehe aliyoisoma, kichwa cha makala na jina la mwandishi, ili anwani ikikosa kufumbulika kitajwa kiweze kutafutwa kwa njia nyingine.

Pili, chama kisilitundike jarida lake kwenye jina la binafsi la mwanachama. Mwanachama atahitimu na kuondoka. Malipo ya jina yakikoma, mtu mwingine aweza kulisajili, na mamlaka yote ya jina yatamfuata yeye.

Tatu, taasisi inayobadilisha jina iandae makubaliano ya maandishi kuhusu kutunza majina ya zamani, na itaje ni kwa muda gani. Jina la zamani hugharimu fedha kidogo kwa mwaka. Barua pepe ya mhitimu isiyofika, au cheti kisichoweza kuthibitishwa kwa sababu mwajiri ameandikia anwani iliyokufa, hugharimu zaidi.

Nne, makala zenye thamani ziwekwe katika hazina za kidijitali za maktaba zinazotoa vitambulisho vya kudumu. Vitambulisho hivyo huongeza ngazi moja ya ufumbuzi: msomaji hutaja kitambulisho, na kitambulisho hupelekwa mahali makala ilipo wakati huo. Navyo pia huhitaji mtu wa kuvitunza. Udumifu ni ahadi ya watu, mitambo huitekeleza tu.

Hitimisho

Tumeona kwamba jina katika mtandao hufumbuliwa kutoka mwisho, kwamba mamlaka yake hukabidhiwa hatua kwa hatua, kwamba jina la mkato hutegemea mahali, kwamba lakabu hufunika jina moja tu, kwamba kila jibu lina umri, na kwamba kukosa kuna aina zake. Kanuni hizi hazikuwekwa ili kumsumbua mtumiaji. Zimewekwa kwa kuwa hakuna anayejua majina yote, na hapana haja ya kuwa na mtu wa namna hiyo, mradi kila mmoja atunze sehemu yake na aseme kweli kuhusu aliowakabidhi sehemu nyingine.

Waswahili husema jina jema hung'aa gizani. Katika mtandao, hata jina jema huzimika pasipo mtunzaji. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina matoleo, tasnifu na mashairi ya wanafunzi ambayo leo yanapatikana kwa anwani za mtandao peke yake. Kila chama kichunguze anwani hizo ziko katika himaya ya nani, na kiwafikie wenye himaya hizo kabla ya taasisi kubadilishwa jina tena.